Zizi, Banda na Hatamu: Maneno ya Shughuli za Mwisho wa Juma na ya Utunzaji wa Farasi

Sentensi ifuatayo haina kosa la tahajia wala la upatanisho wa kisarufi:

"Jumamosi alikimbia kazi za nyumbani, na Jumapili akampa mkono babu yake kwenye imara ya farasi."

Msomaji wa Mwanza ataelewa kwamba msichana mmoja mvivu alitoroka kufua na kuosha vyombo, na kesho yake akasalimiana na babu yake mahali pasipoeleweka. Aliyeiandika alikusudia kinyume chake. Msichana anayemfikiria ni mchapakazi: Jumamosi alizunguka mjini kutimiza mahitaji ya nyumba yao, na Jumapili akamsaidia babu yake kulisha farasi na kusafisha mahali wanapolala. Kila neno ni la Kiswahili, ila fikra iliyoyapanga maneno hayo ni ya Kiingereza.

Kosa la namna hii lina gharama mbili. Ya kwanza hulipwa darasani: mwanafunzi asiyepata neno huhitimisha kwamba Kiswahili hakina neno, na hitimisho hilo humfuata mpaka kazini. Ya pili hulipwa penye mnyama mwenyewe, kwa sababu maelekezo yanayochanganya jina la kamba na jina la chuma kilichomo kinywani huweza kumuumiza mnyama au anayemshika. Makala haya yanaipitia sentensi hiyo kipande kwa kipande, kwa mifano ya Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria, ili kuonyesha kwamba maneno yapo. Sehemu yake moja imehifadhiwa na pwani ya bahari, sehemu nyingine na wafugaji na wakazi wa bara, na kazi ya mfasiri ni kuzikutanisha.

Mwisho wa juma ulio mwanzo wa juma

Neno "juma" lina asili moja na "Ijumaa", siku ya mkusanyiko wa sala. Katika hesabu ya Waswahili, siku inayofuata Ijumaa ndiyo ya kwanza: Jumamosi ni juma na mosi, Jumapili ni juma na pili, na hivyo mpaka Jumatano, siku ya tano. Baada yake huja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano, ila Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Ndiyo sababu wiki ya Kiswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu ya Waswahili na nyingine kwa hesabu ya Waarabu.

Kwa hiyo usemi "mwisho wa juma", unaotaja Jumamosi na Jumapili, unaziita siku za mwisho zile ambazo majina yake yanasema ni ya kwanza na ya pili. Usemi huo umetokana na kalenda ya ofisi na shule, na umekwisha kukubalika. Si kosa kuutumia. Katika maandishi rasmi, "mwisho wa juma" na "mwisho wa wiki" yote yanafaa. "Wikiendi" ni ya mazungumzo, matangazo na magazeti ya burudani. Pale ambapo siku yenyewe ina maana katika habari, afadhali itajwe kwa jina. Kwa msichana wa mfano wetu, tofauti ya Jumamosi ya mjini na Jumapili ya kwa babu ndiyo inayoshika kisa. Mfasiri akiandika "mwisho wa juma" peke yake ameipoteza.

Kutumwa, kuhemea na kuzunguka

Kiingereza huweza kusema kwamba mtu "hukimbia" shughuli zake ndogondogo za mjini, maana yake huzipitia moja baada ya nyingine. Katika Kiswahili kitenzi "kimbia" kinapopewa yambwa huwa na maana ya kuepuka: mtu hukimbia vita, hukimbia deni, hukimbia kazi. Anayekimbia kazi za nyumbani atatafutwa na mama yake jioni.

Kiswahili hakina nomino moja inayofunika shughuli hizo zote, na hakuna sababu ya kuiunda. Lugha huzigawa kwa kuuliza ni nani anayezifanya na kwa nini. Mtoto au kijana "hutumwa": *Ametumwa dukani*, *Ametumwa sokoni akanunue dagaa*. Umbo la kutendwa lina kazi hapa, kwa sababu linaonyesha kwamba yuko aliyetuma na kwamba anayekwenda anatii. Mtu mzima hasemwi kuwa ametumwa ila kama kweli yuko aliyemwagiza. Yeye "ana shughuli", "yuko katika mizunguko yake", au "amekwenda mjini mara moja".

Kwa safari ya kutafuta chakula cha nyumbani liko neno "hemea", linalosikika sana bara: *Wamekwenda kuhemea Mwaloni*. Mwaloni ya Kirumba, ukingoni mwa ziwa, ni soko la samaki na dagaa, na jina lake linatokana na "mwalo", yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kupakua. "Kuhemea" si sawa kabisa na "kununua". Anayenunua huweza kununua kitu chochote na popote. Anayehemea anatafuta akiba ya chakula, na neno lina dokezo la kutoka nyumbani na kurudi na mzigo. Mfasiri anayelijua neno hili ataokoa maneno matano.

Shughuli nyingine hutajwa kila moja kwa kitenzi chake. Mahindi hupelekwa *mashineni*, neno ambalo mkazi wa Mwanza halihitaji kuongezewa "ya kusaga". Mpunga *hukobolewa*. Umeme wa kulipia kabla hununuliwa kwa jina la *luku*, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, ambacho leo huandikwa hata kwa herufi ndogo kama nomino ya kawaida. Sakafu *hupigwa deki*, uwanja *hufagiwa*, nguo *hufuliwa* lakini vyombo *huoshwa*, na dagaa *huanikwa*. Orodha ya vitenzi kama hii ndiyo tafsiri sahihi ya nomino moja ya kigeni.

Kumpa mtu mkono

Kipande cha tatu cha sentensi ni hatari zaidi kwa sababu kinaeleweka, ila kwa maana nyingine. "Kumpa mtu mkono" ni kumsalimu, kumpongeza au kuagana naye. Huu ni usemi wa adabu, na hauna uhusiano wowote na kubeba ndoo ya maji.

Kwa maana ya kuongeza nguvu katika kazi ya mwingine, vitenzi ni "saidia" na "saidiana". Muundo wake unastahili kuangaliwa: *alimsaidia babu kazi*, *alimsaidia babu kulisha punda*, lakini si *alisaidia kwa babu*. Anayesaidiwa hutajwa kwanza, na kazi hufuata bila kihusishi. Umbo la kutendana, "kusaidiana", hutumika pale ambapo kazi ni ya wote na hakuna mwenyeji na mgeni: *Walisaidiana kuzoa samadi*. Mjukuu aliyekwenda kwa babu yake hasemwi kuwa "amejitolea". "Kujitolea" ni kutoa nguvu au mali pasipo wajibu, na mjukuu ana wajibu.

Mahali anapolala mnyama

"Imara" iliingia katika sentensi ile kwa sababu neno la Kiingereza lenye maana ya mahali wanapolala farasi linafanana kwa tahajia na lile lenye maana ya kitu kisichoyumba. Mashine ya kutafsiri inaweza kuteleza hapo, na mwanafunzi mwenye haraka pia. Swali la maana ni neno gani lililostahili kukaa hapo, na Kiswahili kinatoa zaidi ya moja.

*Zizi* ni mahali palipozungushiwa ua kwa ajili ya mifugo kulala, hasa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kinachofanya zizi liwe zizi ni ua. Paa si lazima. Katika vijiji vya Usukuma, kusini na mashariki mwa Mwanza, zizi la ng'ombe huwa wazi juu.

*Banda* ni jengo jepesi lenye paa, liwe na kuta au lisiwe nazo. Linaweza kuwa la kuku, la magari, la kuhifadhia mbao, au la maonyesho, kama mabanda ya Nanenane. Kinachofanya banda liwe banda ni paa. Kwa kuwa lina matumizi mengi, huhitaji kuelezwa: *banda la farasi*, *banda la punda*.

*Boma* ni ua mkubwa unaozunguka makazi au mifugo. Kwa sababu tangu enzi za utawala wa Wajerumani neno hili hutaja pia ofisi za serikali ya wilaya, mfasiri alitumie kwa uangalifu. *Babu yuko bomani* inaweza kumaanisha kwamba amekwenda kwa Mkuu wa Wilaya.

*Faja* ni neno linaloorodheshwa na kamusi za zamani kwa maana ya mahali wanapofungwa farasi au ng'ombe. Ni neno halali, lakini limechakaa katika matumizi. Mwalimu akilitaja darasani kama hazina ya msamiati, ni vyema. Mfasiri akiliweka katika kitabu cha watoto bila maelezo, hawatalielewa.

*Hori* ni chombo cha kulishia wanyama, na Wakristo wengi wanalifahamu kutokana na habari ya kuzaliwa kwa Yesu katika Injili ya Luka. Kamusi zina maneno mengine yenye umbo hilohilo: hori ambayo ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na hori ambayo ni mtumbwi mdogo. Katika habari inayotokea kando ya ziwa, *farasi alikuwa horini* inaweza kumchekesha msomaji, kwa hiyo ni salama zaidi kuandika *hori ya kulishia*.

Kwa farasi, basi, jibu la kawaida la leo ni *banda la farasi*, kwa kuwa farasi hulazwa chini ya paa. Lakini kama habari inasema kwamba wanyama walitolewa nje wakazunguka ndani ya ua, "zizi" linafaa kwa sehemu hiyo. Maneno haya mawili yanaweza kukaa katika aya moja bila kugongana: *Aliwatoa bandani akawaingiza zizini.*

Ndani ya banda

Hapa ndipo mwanafunzi hudhani kwamba msamiati umekwisha. Kinyume chake, ndipo unapoanza.

- *Hatamu* ni kamba au ukanda ambao mpandaji au mwongozaji huushika mkononi.
- *Lijamu* ni chuma kinachotiwa kinywani mwa mnyama, ambacho hatamu hufungwa kwake.
- *Seruji* ni kiti cha ngozi kinachofungwa mgongoni kwa ajili ya kukalia. Neno hili lisichanganywe na *saruji* ya kujengea. Herufi moja inatosha kumkalisha mpandaji juu ya mfuko wa kilo 50.
- *Tandiko* ni kitu chochote kinachotandikwa mgongoni, tangu kipande cha gunia hadi seruji kamili. Kitenzi chake ni "tandika", na kinyume chake ni "tandua".
- *Kikuku* ni pete ya chuma ya kutilia mguu wa mpandaji. Neno hilohilo hutaja pambo la mguuni au mkononi.
- *Shogi* ni mfuko mpana wa ukindu unaolazwa juu ya mgongo wa punda ili mzigo ugawanyike pande mbili.
- *Saisi* ni mtu anayewatunza na kuwaongoza farasi. Msomaji wa leo ataelewa haraka zaidi *mtunza farasi*.

Tofauti ya hatamu na lijamu si ya urembo. Anayeambiwa *shika hatamu* atashika kamba na kubaki mbali na meno. Anayeambiwa *shika lijamu* atapeleka vidole kinywani mwa mnyama, na mvuto wowote atakaoutia utaumiza ufizi na ulimi. Katika mwongozo wa kazi, kosa hilo ni kubwa kuliko kosa la sarufi.

Kazi zenyewe zina vitenzi vyake. Samadi *huzolewa*, haiokotwi wala haisafishwi, kwani linalosafishwa ni banda. Maji *hutekwa* au *huchotwa*, kisha mnyama *hunyweshwa*. Nyasi *hukatwa* na mnyama *hulishwa*. Mwili wake *husuguliwa* kwa brashi, na *kwato* zake *hukaguliwa* ili kutoa mawe na matope. Chakula cha ziada cha mifugo kina majina yanayofahamika vizuri Mwanza: *pumba* za mahindi au mpunga, na *mashudu*, yaani makapi yanayobaki baada ya mbegu za pamba au alizeti kukamuliwa mafuta. Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba, na neno "mashudu" huko halihitaji kamusi.

Mwendo pia hutofautishwa. Kamusi zimehifadhi *telki*, mwendo wa punda aliyepandwa. *Matiti*, mwendo wa mchakamchaka. Na *shoti*, mbio za kasi. Mfasiri anayeandika "alikimbia" kwa kila hali amefunga milango mitatu iliyokuwa wazi.

Kwa nini vifaa vina majina ya pwani

Ukiyapanga maneno hayo kwa asili, unaona mgawanyo ulio wazi. *Farasi, hatamu, lijamu, seruji* na *saisi* yametoka Kiarabu. *Kwato, mkia, teke, panda, lisha* na *zoa* ni ya Kibantu. Mwili wa mnyama na kazi ya mikono vimetajwa kwa maneno ya wenyeji. Mnyama mwenyewe, vifaa vyake na cheo cha mtunzaji vimekuja na biashara ya bahari.

Historia inaeleza sababu. Farasi walifika pwani kwa vyombo kutoka Arabuni, na walikuwa mali ya watu wa hadhi. Mwaka 1840 meli *Sultana* ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ilifika New York ikiwa na zawadi kwa Rais wa Marekani, na miongoni mwa zawadi hizo walikuwamo farasi wa Kiarabu. Bara mambo yalikuwa mengine. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari.

Farasi huhimili vibaya maradhi ya bara. Moja ni nagana, unaosababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, ambao katika sehemu nyingi huitwa pia ndorobo. Jingine ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi, ambao huua farasi wengi lakini huwapata punda wa Afrika na punda milia kwa wepesi zaidi. Tatizo la mbung'o lilikuwa kubwa kusini mwa ziwa kiasi kwamba katika miaka ya 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo, chini ya Charles Swynnerton. Mnyama asiyeweza kuishi mahali hawezi kuacha msamiati mpana mahali hapo. Kukosekana kwa neno la Kisukuma la seruji hakutokani na udhaifu wa lugha ile. Kunatokana na mbung'o.

Maneno yaliyosafiri bila mnyama

Hata hivyo msamiati wa farasi umefika Mwanza kwa njia nyingine. Watu wengi ambao hawajamwona farasi hulitumia neno "hatamu" bila kusita. Katika enzi za mfumo wa chama kimoja, hasa kuanzia miaka ya 1970, Watanzania walisikia kila mara habari za *chama kushika hatamu*, na leo kiongozi yeyote mpya *hushika hatamu za uongozi*. Picha iliyomo ni ya mpandaji na mnyama wake, japo msemaji haioni tena. Mwalimu anayetaka kufundisha maana ya hatamu ya farasi mjini Mwanza anaweza kuanzia kwenye siasa, ambako mwanafunzi tayari anafahamu, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye kamba.

Vilevile injini za boti zinazolala mwaloni hupimwa kwa *nguvu za farasi*, kipimo kilichobuniwa Uingereza katika karne ya 18 ili kulinganisha mashine za mvuke na farasi waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Kimoja ni takriban wati 746. Mvuvi huyo anamtumia farasi kila siku, ingawa ni farasi wa hesabu.

Upatanisho, na mtego wa nyumbu

"Farasi" na "punda" ni nomino zisizobadilika umbo katika wingi, na kwa kuwa hutaja viumbe hai, hufuata upatanisho wa a-/wa-: *farasi mmoja amelala*, *farasi wawili wamelala*. Katika vimilikishi matumizi hutofautiana. *Punda wetu* husikika kwa umoja na wingi, na *punda zetu* hutumiwa na wengi kubainisha wingi. Wanaosema *punda zetu wamerudi* hawajachanganya mambo: kimilikishi kimefuata umbo la nomino, na kitenzi kimefuata uhai wa mnyama. Kinachokataliwa katika Kiswahili sanifu ni *punda zetu zimerudi*.

"Nyumbu" ni mtego wa aina nyingine. Katika kamusi neno hili lina maana mbili: mnyama anayezaliwa na punda na farasi, na mnyama pori wa jamii ya swala. Kwa mkazi wa Mwanza, ambaye mashariki mwake iko Serengeti yenye nyumbu zaidi ya milioni moja, maana ya pili ndiyo inayotangulia. Habari inayosema *nyumbu alifungwa bandani* itamshangaza. Kwa mnyama wa kubeba mizigo kuna neno "baghala", ambalo nalo ni jina la aina ya jahazi, lakini bara mtego huo ni mdogo. Maelezo mafupi, *nyumbu wa kufugwa*, pia yanatosha.

Je, farasi ageuzwe punda?

Wapo wafasiri ambao, wakiandika kwa ajili ya wasomaji wa Kanda ya Ziwa, humwondoa farasi na kumweka punda ili habari ieleweke. Hoja yao ina uzito: punda anafahamika, anakokota mikokoteni ya maji na magunia, na ana methali zake. *Punda afe, mzigo ufike* na *fadhila za punda ni mateke* hazihitaji ufafanuzi. Tena maandishi kuhusu punda yameongezeka umuhimu tangu Februari 2024, Umoja wa Afrika ulipoamua kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi.

Lakini methali hizo ndizo zinazoonyesha kwa nini mageuzi hayo ni ya hatari. Punda wa Kiswahili ni mvumilivu, mtumwa wa mizigo, asiye na shukrani. Farasi ni fahari na mbio. Anayembadilisha mnyama amebadilisha pia tabia ya habari. Kama matini chanzo inamtaja farasi, abaki farasi. Kilicho karibu na msomaji kiwe ni kazi inayofanywa, si mnyama. Kuzoa samadi, kuteka maji na kukata nyasi ni kazi zinazojulikana kote, na ndizo daraja la kumfikisha msomaji wa Mwanza kwenye banda ambalo hajaliona. Kama, kwa upande mwingine, mwanafunzi anaandika insha yake mwenyewe na babu yake ana punda, asimgeuze punda kuwa farasi ili insha ionekane ya heshima. Punda ana msamiati wa kutosha.

Sentensi iliyorudishwa nyumbani

Baada ya hatua hizo, sentensi ya mwanzo inaweza kuandikwa upya. Imekuwa ndefu zaidi, kwa sababu Kiswahili kimeulizwa msichana alifanya nini hasa, nacho kimejibu:

"Jumamosi alitumwa huku na huko: alipeleka mahindi mashineni, akanunua luku, akaenda Mwaloni kuhemea dagaa na sato. Jumapili alikwenda kwa babu yake kumsaidia kazi za banda la farasi. Aliwatoa farasi akawaingiza zizini, akazoa samadi, akateka maji na kuwanywesha. Babu alipomtandika farasi mzee, alimwambia mjukuu wake, 'Shika hatamu, mama, usiguse lijamu.' Naye akaitikia, 'Sawa, babu,' akashika."

Neno "mama", ambalo babu anamwitia mjukuu wake wa kike, halimo katika matini ya Kiingereza wala halikuhitajika huko. Katika Kiswahili cha babu na mjukuu, agizo lisilo na wito wa namna hiyo lingesikika kama karipio.